Ile asilimia 2 inayorudi kwenye kadi ya mkopo, nani hasa anailipa?

Kijana_wa_Kasulu ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Niko Columbus, Ohio, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Juzi nimepata kadi yangu ya kwanza ya mkopo, na benki imenipa ile ya keshibeki: kila ninachonunua, asilimia 2 inanirudia. Rafiki yangu ninayekaa naye ananishauri nipitishie humo kila kitu, kuanzia mafuta ya gari hadi bili ya simu, mradi nilipe deni lote mwisho wa mwezi. Anasema hizo ni pesa za bure. Nimefuata ushauri wake na kweli pesa zimeingia.

Ila kuna mambo mawili yamenifanya nijiulize. Kituo ninachojaza mafuta kina bei mbili kwenye bango, ya keshi na ya kadi, na ya kadi imezidi kwa senti 10 kila galoni. Halafu kuna mgahawa wa Wakongo tunaokwenda Jumamosi, wamebandika karatasi kaunta: anayelipa kwa kadi anaongezewa asilimia 3. Nimekula ugali, samaki na sombe kwa dola 20, nikaongezewa senti 60. Benki ikanirudishia senti 41. Yaani nimetoa 60 nikapokea 41!

Sasa kule ambako hakuna bango wala karatasi inakuwaje? Kwenye maduka makubwa bei ni ile ile, utoe noti utoe kadi. Keshibeki yangu ya pale inatoka wapi? Kama inatoka kwa mwenye duka, yeye anaitoa wapi? Nyumbani makato tulikuwa tunayaona kwa macho: unamtumia mama laki moja, unaweka na ya kutolea, na kila mmoja anajua nani kalipa nini. Hapa kwenye risiti sioni kitu.

Naomba anayejua, hasa mwenye biashara, anifafanulie kwa hesabu. Na huyu anayelipa keshi kila siku, je, anapunjwa?

---

Mama_wa_Duka amejibu:

Marahaba mwanangu. Hili niachie mimi, maana taarifa ya makato ya kadi ndiyo karatasi ninayoisoma kwa uchungu kuliko zote. Nina duka la vyakula vya nyumbani hapa hapa Columbus: unga wa sembe na wa muhogo, dagaa, mawese, sombe ya kugandisha, mchele wa magunia. Pembeni nina chai na mandazi.

Nianze na safari ya pesa yenyewe. Ukinunua vitu vya dola 84 ukagusisha kadi kwenye mashine, mimi siingiziwi 84. Kwa mkataba niliokuwa nao tangu nafungua duka, nilikuwa nakatwa asilimia 2.6 na senti 10 juu yake, kila mteja anapolipa. Kwenye 84 hiyo ni dola 2 na senti 28. Pesa hiyo wanaigawana watatu. Fungu kubwa ni la benki iliyokupa wewe kadi. Fungu dogo, senti kumi na kitu hivi, ni la mwenye mtandao, yaani Visa au Mastercard. Linalosalia ni la kampuni ya mashine. Hilo fungu kubwa halipangwi na benki yako, linapangwa na mtandao, na linatofautiana kadi kwa kadi. Kadi ya kawaida iko chini, kadi yenye zawadi nono iko juu. Asilimia 2 yako inatoka humo.

Umeuliza mimi naitoa wapi. Naitoa kwenye bei, sina pengine pa kuitoa. Angalia mfuko wa dagaa, kwa hesabu za mkataba huo. Mpaka uingie kwenye rafu yangu umeshanigharimu dola 6 na senti 40. Nahitaji ibaki dola 1 na senti 60 kwa ajili ya pango, umeme na mshahara wa binti anayenisaidia, kwa hiyo bei ingetosha kuwa dola 8. Lakini nikiandika 8, kadi inamega senti 21, na bado zile senti 10 za kila malipo. Basi naandika 8.25. Na bei ikishaandikwa kwenye rafu haichagui mtu.

Sasa tazama foleni yangu ilivyokuwa chini ya mkataba huo. Kuna daktari mmoja, mteja wangu mzuri sana, ana kadi kama yako. Analipa 8.25, kesho yake anarudishiwa senti 16. Nyuma yake kuna mama aliyeletwa na wanawe kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, analipa kwa kadi ya msaada wa chakula, SNAP. Kwa sheria ya hapa Marekani, kwenye kadi hiyo ile ada ya benki haikatwi kabisa. Mama yule hanigharimu hata senti moja ya benki, ila naye analipa 8.25. Nyuma yake tena kuna mzee ambaye hajawahi kuiamini kadi, anahesabu noti zake moja moja. 8.25. Wote watatu wamechangia, na anayerudishiwa ni daktari peke yake.

Kwa hiyo ndiyo, mwanangu, anayelipa keshi anapunjwa. Na mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo, kwa sababu kadi zenye zawadi hupewa wenye historia nzuri ya mikopo. Mtu aliyetua nchini mwezi uliopita hapewi. Hilo linaniuma kuliko hata zile dola ninazokatwa mimi.

Kuhusu vitu vidogo ndiyo usiseme. Chai na mandazi mawili ni dola 2.50. Ukilipa kwa kadi, kwa mkataba huo nilikuwa nakatwa senti 6 na nusu, kisha senti 10: senti 16 na nusu, yaani zaidi ya asilimia 6 ya kikombe chote. Ndiyo maana unaona vibao vya kadi kuanzia dola 10. Sheria ya Marekani ya 2010 ya kusimamia mabenki (Dodd-Frank) inamruhusu mwenye duka kuweka kima hicho kwa kadi za mkopo, mradi kisizidi dola 10. Mimi sijaweka, kwa sababu vijana wengi wanaotoka zamu ya usiku hawatembei na keshi na wanahitaji hiyo chai.

Mwezi uliopita makato yote yalifika dola 917. Yameshinda bili ya umeme, na nina mafriza manne yanayowaka usiku kucha. Serikali ikizibana hizi ada, kesho yake asubuhi nabadilisha bei za rafu nzima.

---

Mhasibu_Minneapolis amejibu:

Shikamoo mama. Kwenye nani anambeba nani sina la kukupinga, hata waliofanya utafiti wanasema hivyo. Wachumi watatu wa Benki Kuu ya Marekani, tawi la Boston, walipiga hesabu mwaka 2010. Walikuta kwamba kwa wastani kaya inayotumia keshi inatoa dola 149 kwa mwaka kuwabeba wenye kadi, na kaya yenye kadi inapokea dola 1,133. Wakigawa kwa kipato, kaya ya dola 20,000 kwenda chini inapoteza dola 21 kwa mwaka, na ya dola 150,000 kwenda juu inapata 750. Soma hizo namba mbili za mwisho mara ya pili, ndugu zangu. Foleni ya mama ndiyo hiyo, imeandikwa kwa nchi nzima.

Na kuna mchango mwingine ambao dukani hauonekani. Zawadi hazilipwi na ada za maduka peke yake, zinalipwa pia na riba ya wanaoshindwa kumaliza deni mwisho wa mwezi. Utafiti mwingine wa wachumi wa Benki Kuu na wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), uliotoka 2023, ulikadiria kwamba kwa njia ya zawadi hizi dola bilioni 15 kwa mwaka zinahama kutoka kwa wenye elimu ndogo na maeneo maskini kwenda kwa wenye elimu kubwa na maeneo tajiri.

Ninapokataa ni pale unaposema ada zikishuka bei zitashuka. Mama, wewe nakuamini. Ila hilo limeshajaribiwa. Seneta Durbin aliingiza kifungu kwenye ile sheria ya 2010, na kuanzia Oktoba 2011 ada ya kadi za debiti (zile zinazokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti yako) za benki kubwa ikawekewa kikomo: senti 21 na asilimia 0.05 ya bei, pamoja na senti 1 ya kuzuia wizi wa kadi. Kabla ya hapo ilikuwa kama senti 44 kwa wastani. Baadaye tawi la Richmond la Benki Kuu likawauliza wafanyabiashara mmefanya nini na bei zenu. Zaidi ya robo tatu hawakugusa kitu. Waliopunguza hawakufika asilimia 2. Waliopandisha walikuwa zaidi ya asilimia 20! Wauzaji wa vitu vidogo kama chai yako ndio walioumia, kwa sababu mitandao iliondoa punguzo iliyokuwa inawapa kwa malipo madogo, na zile senti 21 zikawa si kikomo tena bali ndiyo bei yenyewe. Benki nazo zikafuta zawadi za debiti na nyingi zikaanza kutoza akaunti zilizokuwa bure.

Halafu keshi nayo ina gharama yake, tuseme ukweli. Ninafunga vitabu vya migahawa kadhaa ya watu wetu. Kuna saa za kuhesabu droo, kuna safari ya kupeleka benki, kuna noti bandia, kuna droo inayopungua na hakuna anayejua nani alikuwa zamu. Hayo yote hayaletwi kwenye karatasi moja mwisho wa mwezi, kwa hiyo mtu hayaoni.

---

Binti_Hamburg amejibu:

Habari zenu. Nami niongeze la huku Ujerumani, maana sisi tuliishi upande wa pili wa jambo hili.

Umoja wa Ulaya uliziwekea kikomo ada za benki tangu Desemba 2015: asilimia 0.2 kwa debiti, asilimia 0.3 kwa kadi ya mkopo ya mtu binafsi. Linganisheni na hiyo 2.6 ya mama, hata mkijua kwamba ya mama ina mafungu yote matatu ndani yake. Matokeo yake, kadi za kukurudishia asilimia 2 ya kila kitu huku ni adimu. Benki itazitoa wapi, kama yenyewe inapokea 0.3? Hapa kazini kwangu hakuna anayejadili pointi za zawadi za kadi. Watu wanatumia kadi ya debiti ya benki yao na maisha yanaendelea.

Na kuanzia Januari 2018 duka haliruhusiwi tena kukuongezea ada kwa kutumia kadi hizi za kawaida, hata mtandaoni. Ile karatasi ya asilimia 3 kwenye mgahawa, hapa ingekuwa kosa.

Sitadai kwamba mkate ulishuka bei ile Desemba. Lakini nikisimama kwenye foleni ya duka huku, najua aliye mbele yangu mwenye mshahara mkubwa harudishiwi sehemu ya pesa yangu. Kwangu hilo lina thamani yake, hata kama bei haikutikisika.

---

Kamau_wa_Umoja amejibu:

Mama, heshima yako. Hapa Nairobi tuko na Lipa na M-Pesa, na ukilipa kwa tili ya duka, yaani namba yake ya kupokea malipo, mteja hakatwi chochote. Mwenye duka ndiye anakatwa, chini ya asilimia 1. Lakini nenda kwa mama mboga wa mtaani uone. Wengine watakuambia, "Nitumie tu kwa simu yangu." Ukituma kwa simu, ada ya kutuma ni yako. Nyanya ni bei ile ile, kilichobadilika ni mfuko uliotoa ada. Kwa hivyo hata bila keshibeki huo mvutano uko, ni vile tu huku unauona kwa meseji papo hapo.

---

Kijana_wa_Kasulu ameandika tena:

Asanteni sana wote. Mama, nimeshtuka kwa huyo mama wa Nyarugusu, kwa sababu mimi mwenyewe familia yetu imepitia kambi na tulipofika hapa tulitumia hiyo hiyo kadi ya SNAP.

Sasa nifanyeje? Niache kadi ya mkopo kabisa? Na nikija dukani kwako nikitumia debiti badala ya mkopo, inakusaidia au ni yale yale?

---

Mama_wa_Duka amejibu:

Nianze na Mhasibu. Marahaba baba, na asante kwa hizo namba. Nimezisoma nikaelewa jambo moja ambalo nadhani ulipokuwa unafunga vitabu hukuliona kwa upande wetu wadogo. Hiyo nafuu ya debiti ya 2011 mimi haikunifikia. Mkataba wangu wa zamani ulikuwa wa kiwango kimoja: 2.6 na senti 10, kadi iwe ya mkopo au ya debiti, yote sawa. Mteja akilipa dola 84 kwa debiti ya benki kubwa, benki yake inachukua senti 26 tu: 21, na 4 za ile asilimia, na 1. Mimi nilikuwa nakatwa dola 2.28 kama kawaida. Tofauti nzima ilikuwa inabaki kwa kampuni ya mashine. Ningeshushaje bei kwa nafuu ambayo sikuipata? Tungeulizwa sisi, nasi tungejibu hatujabadilisha kitu.

Nimehama mkataba huo mwaka huu. Sasa kila kadi nakatwa gharama yake halisi, kisha kampuni inaongeza faida yake kwenye mstari wa peke yake, naiona. Wenye maduka mnaosoma hapa, ombeni taarifa ya namna hiyo. Kama makato yenu yamekuja kwa namba moja tu isiyochambuliwa, pigeni simu muulize.

Na baada ya kuhama nilibadilisha bei, kama nilivyosema ningefanya ada zikishuka. Bei ya rafu ni ya kadi ya mkopo. Anayelipa keshi, debiti au SNAP anapunguziwa asilimia 3 pale pale kaunta. Sheria hiyo hiyo ya 2010 inalinda punguzo la namna hii, mitandao haiwezi kulizuia. Dagaa wa 8.25 kwa yule mama wa Nyarugusu na yule mzee sasa ni dola 8 kamili. Daktari bado analipa 8.25, bado anarudishiwa senti zake 16, na hajanuna. Nilimweleza sababu, akasema ni haki.

Keshi ina gharama, Mhasibu, hapo umesema kweli. Droo nahesabu mwenyewe kila jioni.

Sasa wewe mwanangu. Usiache kadi. Kwenye maduka makubwa yenye bei moja kwa wote, ukilipa keshi hakuna atakayepunguziwa, wewe wala yule wa nyuma yako, na wewe bado unajenga historia ya mikopo. Itumie, ulipe deni lote kila mwezi. Ukiacha dola 500 zilale kwa riba ya asilimia 22, mwezi mmoja unakula dola 9, na keshibeki ya hizo 500 ni dola 10 mara moja tu. Mwezi wa pili umeshaingia hasara.

Kwenye bei mbili, piga hesabu kabla hujachomoa kadi. Senti 10 kwenye galoni ya dola 3.20 ni zaidi ya asilimia 3, wewe unarudishiwa 2. Hapo toa keshi. Maduka madogo ya watu wetu, toa keshi au debiti. Ndiyo, kwangu debiti inasaidia sana, na wewe unapata punguzo lako.

Na kule mgahawani, muulize mwenyewe kama ile asilimia 3 anaiongeza hata kwa debiti. Kanuni za Visa na Mastercard haziruhusu kuiongeza kwenye debiti, hata ukiipitisha bila namba ya siri. Wengi hawafanyi kwa makusudi, mashine imeletwa imeshapangwa kuongeza kwa kila kadi na hakuna aliyewaeleza. Mwambie kwa upole, si Jumamosi mchana jikoni kukiwa na moto. Akihitaji mtu wa kumwonyesha pa kubadilisha kwenye mashine, mlete dukani kwangu.